Chungu cha mazingaombwe: jinsi ya kumtengenezea mtoto mchezo wa kuchanganya maji ya ajabu

Mtoto wa miaka minne hahitaji kufundishwa kuchanganya. Mwache bafuni dakika tano na shampuu, dawa ya meno na kopo la maji, utarudi ukute keshapika. Kazi ya mtu mzima ni kuhakikisha kwamba anachochanganya kinamjibu. Akimwaga, kigeuke rangi. Akikoroga, kitoe povu. Akigonga kwa fimbo, kiwake. Pasipo jibu huwa ni uchafu tu ndani ya bakuli na mtoto atauchoka upesi. Jibu likiwapo, utamwita chakula kinapoa na haji.

Mwongozo huu ni wa watoto wa miaka 3 hadi 7 wakiwa na mtu mzima pembeni. Karibu kila kinachotumika hupatikana jikoni.

Kununua au kutengeneza?

Vya dukani vipo. Kinachojulikana sana ni Magic Mixies cha kampuni ya Moose Toys ya Australia, kilichoingia sokoni mwaka 2021. Mtoto anatia viungo kwenye chungu cha plastiki, anakoroga, anagonga kwa fimbo, taa na sauti zinaitikia, kisha ukungu unafuka, na ukitawanyika mna kinyama chenye manyoya ndani. Ukungu wa vyungu vya aina hii ni maji matupu, hauna joto wala moshi. Kuna kisahani chembamba kinachotetemeka zaidi ya mara laki moja kwa sekunde, na mtetemo huo ndio unaoyarusha maji juu yakiwa matone madogo mno.

Ni kifaa kizuri, sikatai. Shida yake ni kwamba mshangao mkubwa ni wa mara ya kwanza. Mara ya pili mtoto anajua kilichomo. Chungu cha kutengeneza nyumbani hakina kinyama, lakini kila siku kinaweza kutoa kitu tofauti kulingana na alichotia, na hapo ndipo utamu wa mchezo ulipo.

Ukiamua kununua, geuza kifaa chini kabla ya kulipa. Mfuniko wa betri uwe umefungwa kwa skrubu. Kama kinatumia betri bapa za duara, zile zinazofanana na sarafu, mimi ningekirudisha rafuni na kutafuta kinachotumia betri za kawaida za AA au AAA. Betri bapa ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Mtoto akimeza, au hata ukishuku tu, ni hospitali moja kwa moja. Kwa kifaa cha ukungu, tumia maji safi yasiyo na chumvichumvi nyingi, kwa sababu chokaa ya maji hujijenga juu ya kile kisahani na ukungu hupungua siku hadi siku. Baada ya mchezo, mwaga maji yote na ufute pakavu.

Hatua ya 1: Kusanya vyombo

Unahitaji sinia pana au trei yenye kingo, ambayo kila kitu kitakaa ndani yake. Hii usiiruke. Trei ndiyo mpaka wa mchezo: kilichomwagika ndani ya trei ni sehemu ya mchezo, kilichomwagika nje kinafutwa kwanza ndipo tuendelee. Watoto huielewa kanuni hiyo haraka kuliko unavyodhani.

Kisha tafuta bakuli la plastiki linalopitisha mwanga (chungu chenyewe), vikombe vya plastiki vinavyoonyesha ndani, vijiko vya kupimia, chujio, na bomba la kupimia dawa ya maji, lile lisilo na sindano. Hilo bomba lina kazi kubwa kuliko ukubwa wake. Mtoto anayemwaga kwa kikombe anamaliza siki yote kwa sekunde mbili, ila ukimpa bomba anadondosha tone moja moja, anatazama, anadondosha jingine. Vidole vyake navyo vinapata mazoezi atakayoyahitaji siku ya kushika kalamu.

Vyombo visifanane na vile anavyonywea. Kama kikombe chake cha maziwa ni cha bluu chenye sungura, kisionekane kwenye trei. Kanuni ya kumwambia ni moja: kilicho kwenye trei hakiendi mdomoni.

Viungo: kabichi nyekundu (hata kama machoni ni ya zambarau), bekingi soda, siki nyeupe, asidi ya sitriki (unga mweupe mchachu unaotumika kwenye jamu na peremende), sabuni ya maji ya kuoshea vyombo isiyo na rangi, na mafuta ya kupikia. Angalia usinunue bekingi pauda badala ya bekingi soda. Bekingi pauda ina asidi kavu ndani yake tayari, hivyo hutoa povu mara tu inapoguswa na maji, na utakuwa umepoteza ule wakati wa kusubiri ambao ndio nusu ya raha.

Kwa mapambo weka maua yaliyokauka, majani na chumvi ya mawe. Unga wa plastiki unaometameta uache dukani. Hauyeyuki kwenye maji, unanasa kwenye ngozi na macho, na ukishauosha unaishia kwenye mifereji. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia uuzaji wake mwezi Oktoba 2023.

Kama kuna mdogo wa chini ya miaka mitatu nyumbani, pima kila kipande kidogo. Wakaguzi wa vifaa vya kuchezea hutumia mcheduara wenye upana wa ndani wa milimita 31.7, na kinachoingia chote humo huhesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto mdogo. Nyumbani tumia kigogo kitupu cha karatasi ya chooni, kile kinachobaki karatasi ikiisha. Ni kipana zaidi kidogo, maana yake kipimo chako kitakuwa kikali zaidi, na hapo hakuna hasara.

Hatua ya 2: Kipe chungu taa

Tafuta taa ndogo ya kubonyeza, ile ya duara inayobandikwa kabatini na huwaka ukiibonyeza juu. Iwe ya betri za AAA na mfuniko wa skrubu. Itie kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, toa hewa, funga mdomo wa mfuko kwa gundi ya karatasi, kisha iweke katikati ya trei na ukalishe bakuli juu yake.

Sasa bonyeza bakuli kwa fimbo. Taa inawaka, na maji yote ndani ya bakuli yanang'aa kutokea chini. Bonyeza tena, inazima. Hakuna waya, hakuna programu, na mtoto ndiye aliyeiwasha.

Bakuli likiwa zito mno taa itabaki imebonyezwa na haitaitikia. Usizidishe nusu lita ya maji. Kama bado inagoma, weka vipande vidogo vya sponji chini ya kingo za bakuli vibebe sehemu ya uzito.

Fimbo ni kijiti kisicho na ncha kali, kilichozungushiwa uzi wa rangi. Mwache mtoto aizungushie mwenyewe.

Hatua ya 3: Maji yanayogeuka rangi

Katakata robo ya kabichi nyekundu vipande vyembamba. Weka kwenye bakuli, mimina maji ya moto hadi yafunike, acha dakika 20, kisha chuja. Kazi hii ni yako, mtoto asiwepo karibu na maji ya moto. Utapata maji ya zambarau iliyokolea. Yaongeze maji ya kawaida mpaka mwanga upite vizuri, maana yakikolea sana mabadiliko hayaonekani. Katika sehemu ambazo maji ya bomba yana chumvichumvi nyingi, yatakuwa na ubluu tangu mwanzo. Si tatizo.

Harufu ya kabichi haijifichi, hasa siku ya pili. Yagandishe kwenye trei ya barafu, ukitaka kucheza unatoa vipande vichache. Kwenye friji yanakaa siku mbili au tatu tu.

Rangi hiyo inatokana na kemikali za mmea ziitwazo anthosianini, ambazo hubadilika kulingana na uchachu wa kilichomo. Kwenye asidi huwa za waridi, kwenye besi, yaani kinyume cha asidi, kama soda, huelekea bluu na kijani. Si jambo jipya. Mwanasayansi Robert Boyle alieleza mwaka 1664 jinsi sharubati ya maua ya urujuani inavyogeuka nyekundu kwa asidi na kijani kwa kinyume chake.

Weka vikombe vitatu, kila kimoja na maji ya kabichi kiasi cha vijiko vikubwa vitatu. Mpe mtoto bomba lenye siki na kijiko chenye chembe kidogo za soda, kidogo kweli, za kubana kwa vidole viwili. Kikombe cha kwanza adondoshee siki: waridi. Cha pili atie soda: bluu, na ikizidi, kijani. Cha tatu kisiguswe ili apate cha kulinganisha.

Halafu nyamaza. Najua mdomo unawasha kueleza asidi na besi. Ngoja aulize. Mtoto anayetazama tone la siki likiingia kwenye kikombe cha bluu anaona kitu cha ajabu kweli: tone linafungua duara la waridi, linasimama kwa nukta moja, kisha linapotea na bluu inarudi, kwa sababu soda iliyobaki imeimeza siki yote. Anatia tena, linarudi, linapotea. Tone fulani halipotei. Hapo atageuka kukutazama, na huo ndio wakati wa kusema neno moja au mawili.

Hatua ya 4: Povu

Bekingi soda ikikutana na siki hutoa gesi ya kabonidioksidi. Kijiko cha chai cha soda, yaani kama gramu 5, kikitumika chote hutoa karibu lita moja na nusu ya gesi, na kinahitaji siki kama mililita 70 kumalizika. Kutokana na hesabu hiyo mambo mawili yanafuata.

La kwanza, kidogo kinatosha. Nusu kijiko cha chai cha soda kwenye bakuli ni povu la kumfurahisha yeyote. Watu huweka vijiko vinne, siki inaisha, na soda iliyobaki inakaa chini kama tope.

La pili ni la usalama: usifunge kamwe chombo chenye mchanganyiko huu. Lita moja na nusu ya gesi ndani ya chupa ndogo iliyozibwa itapasua chupa au itarusha kifuniko usoni. Mtoto wa miaka sita atataka kutia "maji yake ya ajabu" kwenye chupa na kufunga ili ayatunze. Mpe chupa yenye mdomo uliofunikwa kwa kitambaa tu.

Gesi peke yake huvuma na kupotea. Ukitaka povu likae, tia nusu kijiko cha chai cha sabuni ya maji kabla ya siki. Sabuni inaifunga gesi ndani ya viputo, na povu linapanda polepole mpaka kwenye ukingo wa chungu. Washa taa ya chini wakati huo.

Siki ina harufu kali na baadhi ya watoto hawaitaki. Asidi ya sitriki haina harufu, na ina faida nyingine nitakayoieleza punde. Lakini ni unga, na unga ukiingia machoni unawasha vibaya. Isiwe kwenye kifuko wala chombo cha kunyunyizia. Iwe kwenye kikombe kizito, ichotwe kwa kijiko kidogo. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, na jicho likiendelea kuuma nenda kwa daktari.

Hatua ya 5: Mchanganyiko mkuu

Huu ndio unaounganisha yote, na ndio ambao maelekezo mengi hukosea. Watu husema: tia soda kwenye maji ya kabichi, kisha siki, utaona bluu ikiwa waridi. Ukijaribu, povu linatoka sawasawa lakini rangi inakwama kwenye zambarau. Siki ni asidi dhaifu, na chumvi inayozaliwa inapokutana na soda huzuia uchachu usipande. Soda ikiwa nyingi, utamwaga siki mpaka uchoke na waridi haiji.

Dawa yake ni asidi ya sitriki. Fuata hivi:

1. Tia mililita 100 za maji ya kabichi yaliyopunguzwa makali kwenye chungu.
2. Mtoto atie nusu kijiko cha chai cha bekingi soda na kukoroga. Maji yanakuwa ya bluu au kijanibluu.
3. Tia matone machache ya sabuni. Koroga taratibu, povu lisianze mapema.
4. Pima kijiko kimoja cha chai cha asidi ya sitriki ukigawe mafungu manne. Mtoto atie fungu moja moja, kila fungu na neno lake la mazingaombwe.

Fungu la kwanza ni povu tele, rangi bado ni ya bluu au imeanza tu kuyumba. La pili linaleta zambarau. La tatu povu linapungua na wekundu unaanza. Kuelekea la nne maji yanakuwa ya waridi, na kama yamesita, ongeza chembe kidogo. Bonyeza chungu, kiwake, na kazi imekwisha. Akitaka kuyarudisha kuwa bluu, soda ipo.

Chupa ya mafuta

Hii ni ya siku ambayo hutaki povu. Jaza maji robo ya chupa ya plastiki inayoonyesha, ongeza mafuta ya kupikia hadi karibu na shingo, na uache yatulie. Mafuta ni mepesi kuliko maji, yatakaa juu. Mtoto adondoshe rangi ya chakula ya maji. Matone yatapita kwenye mafuta yakiwa mazima, kama shanga, mpaka yafike kwenye maji ndipo yapasuke. Kwa kuwa hakuna gesi, chupa hii unaweza kuifunga. Paka gundi kali kwenye kifuniko na itadumu.

Maneno, kadi na nani anaongoza

Chora kadi za mapishi kwa picha: kijiko kimoja cha unga mweupe, matone matatu, koroga mara tano, gonga. Mtoto asiyejua kusoma atazifuata, na anahesabu bila kujua kwamba anafanya hesabu. Zipe kadi majina ya kazi: maji ya kumwamsha joka aliyelala, maji ya kuondoa kinyongo, maji ya kumfanya paka aseme. Jina likiwa na kazi, mtoto ataanza kusimulia ni joka gani na kwa nini amelala.

Wa miaka 3 na 4 usimpe kadi. Mpe vikombe viwili na bomba, inamtosha. Wa miaka 5 na kuendelea ataweza kupima, na punde ataanza kupinga mapishi yako. Mwache. Akitaka kutia chumvi ya mawe na petali saba kwenye mafuta ya kupikia na hakuna kitakachotokea, hilo nalo ni jibu, na kesho atajaribu kingine. Wakiwa wawili, mmoja awe wa viungo na mwingine wa fimbo, wabadilishane kila kadi inapokwisha. Fimbo mbili ni ugomvi, nakuhakikishia.

Vitu visivyoingia kwenye trei

Mchezo huu una hatari moja ambayo haimo ndani ya mchezo wenyewe: mtoto akishajua kwamba kuchanganya kunaleta ajabu, atalitazama kabati la sabuni kwa jicho jipya. Dawa ya madoa yenye klorini ikichanganywa na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Funga kabati hilo kwa kufuli, au hamishia vitu juu, kabla hujaanza mchezo huu siku ya kwanza. Kanuni ya pili ya mtoto ndiyo hii: tunachanganya tukiwa na mkubwa, na vilivyo kwenye trei tu.

Barafu kavu, yaani kabonidioksidi iliyogandishwa, iache kwa watu wa jukwaani. Ina nyuzi 78.5 chini ya sifuri za Selsiasi na inaunguza ngozi. Boraksi, unga mweupe wa kufulia, nayo isitumike, hata kama video za kutengeneza ute wa kuchezea huitaja kila mara. Vile vishanga vinavyofura kwenye maji vinaweza kufura tumboni vikimezwa na kuziba utumbo. Vinapendeza, lakini havistahili.

Kusafisha na kutunza

Michanganyiko yote ya hapa, isipokuwa yenye mafuta, inamwagwa kwenye sinki na maji mengi, baada ya kutoa maua na majani kwa chujio. Mafuta yatie kwenye kopo lenye karatasi chakavu, funga, tupa kwenye taka. Yakimwagwa kwenye bomba yataziba.

Maji ya kabichi huacha doa kwenye nguo na mbao nyepesi, kwa hiyo futa mapema na umvalishe mtoto fulana ya zamani. Doa bichi la kabichi kwenye kitambaa lisuuze kwa maji baridi kabla ya sabuni. Rangi ya chakula ni kaidi zaidi. Vidole vitakaa na rangi siku moja au mbili.

Soda na asidi ya sitriki zikae kwenye makopo mawili makavu yenye lebo, mbali na mvuke wa jikoni. Zikipata unyevu zikiwa pamoja zitaanza kuchemka zenyewe ndani ya kopo, na kopo lililofungwa linafura. Taa itoe kwenye mfuko, ikauke, na kama mchezo umesimama kwa wiki kadhaa toa betri zisije zikavuja.